Deni la Marekani: Nani Ana Haki ya Kudai, Nani Ana Wajibu wa Kulipa

Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani yanajulikana duniani kote kwa kifungu chake cha kwanza: aliyezaliwa au kupewa uraia Marekani, na aliye chini ya mamlaka yake, ni raia, na hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Ndicho kifungu kilichowatambua watumwa walioachwa huru kuwa raia kamili mwaka 1868. Wachache husoma hadi kifungu cha nne, ambacho kinazungumzia deni. Kinasema uhalali wa deni la umma la Marekani lililoidhinishwa kwa sheria hautahojiwa, zikiwemo pensheni za askari waliozima uasi wa majimbo ya Kusini. Kisha kinapiga marufuku kulipwa kwa mikopo ya waasi hao, au kumfidia bwana yeyote kwa kumpoteza mtumwa wake.

Haki za raia na deni la serikali hazikukutana hapo kwa bahati. Walioshinda vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe walihofia kwamba wanasiasa wa Kusini wakirudi Bungeni wangelikana deni la vita, au wangedai walipwe kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kuamua nani alipwe kulikuwa sehemu ya kuamua nani ni raia na nani alikuwa na haki katika vita ile. Nadhani huo ndio mlango sahihi wa kuliingilia deni la Marekani hata leo. Habari zake hutufikia kama tarakimu za kutisha na kelele za vyama viwili, lakini chini yake kuna ugomvi wa zaidi ya miaka 230 kuhusu raia anaweza kudai nini kwa serikali yake na yeye anawiwa nini. Katika ugomvi huo, aliyeikopesha serikali amepata ulinzi wa Katiba, ilhali mzee aliyekatwa mshahara kwa miaka 40 kuchangia pensheni hajaupata.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Mwaka wa bajeti wa serikali kuu ya Marekani huanza Oktoba 1. Katika mwaka ulioishia Septemba 2024, serikali ilikusanya kama dola trilioni 4.9 na ikatumia karibu trilioni 6.8. Pengo hilo la takriban trilioni 1.8 ndilo nakisi ya mwaka mmoja. Jumlisha nakisi za miaka yote, toa miaka michache ya ziada, na unachopata ndilo deni. Oktoba 2025 lilivuka trilioni 38.

Fedha hizo hukopwa kwa mnada. Wizara ya Fedha hutangaza hatifungani, yaani hati za mkopo, inazotaka kuuza: nyingine za wiki chache tu, nyingine za miaka 2 hadi 10, nyingine za miaka 20 au 30. Benki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima na serikali za nje hutaja riba wanazotaka, na walio tayari kupokea riba ndogo ndio wanaotangulia kupata. Mtu wa kawaida mwenye dola 100 naye anaweza kununua kupitia tovuti ya wizara hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea, hata huku kwetu: kwamba Marekani imemilikiwa na China. China imekuwa ikipunguza hatifungani zake kwa zaidi ya miaka kumi, kutoka kilele cha zaidi ya trilioni 1.3 hadi chini ya bilioni 800. Japani ndiyo mdai mkubwa zaidi wa nje, na wadai wote wa nje kwa pamoja wanashika kama trilioni 9. Zaidi ya trilioni 7 ni fedha ambazo serikali inajidai yenyewe, hasa kupitia mfuko wa Hifadhi ya Jamii unaolipa pensheni za wazee. Sehemu kubwa ya iliyobaki iko mikononi mwa Wamarekani na taasisi zao, ikiwemo Benki Kuu yao. Kwa hiyo mwalimu wa Ohio anaweza kuwa mdaiwa kama mlipa kodi, mdai kupitia mfuko wake wa pensheni, na mnufaika kupitia bima ya afya ya mama yake, yote kwa siku moja. Ndiyo maana ni vigumu kumwambia Mmarekani yupo upande gani wa deni hili.

Wanasiasa hupenda kusema serikali iishi kama familia, isitumie kuliko inavyopata. Ni hoja inayoeleweka haraka, na ni hoja mbaya. Familia haitozi kodi, haichapishi sarafu inayokopea, na wadai wake hawasubiri miaka 30 kwa furaha. Lakini wale wanaoikataa hoja hiyo wakahitimisha kwamba deni halina uzito wanasahau riba. Mwaka wa bajeti 2024 riba halisi ilifika kama dola bilioni 880, ikapita matumizi ya ulinzi ya nchi yenye jeshi ghali kuliko yote duniani. Fedha hiyo haijengi daraja wala haimtibu mtu. Inatoka kwa walipa kodi inakwenda kwa wenye hatifungani, na wenye hatifungani nyingi ni wale ambao tayari walikuwa na akiba.

Askari aliyeuza cheti chake

Ugomvi huu ulianza kabla ya Katiba yenyewe. Vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vilipiganwa kwa mkopo, na askari wengi walilipwa kwa vyeti vya karatasi vilivyoahidi fedha siku za mbele. Askari alirudi shambani akiwa na cheti mfukoni na bila senti ya kununulia mbegu. Walanguzi wakazunguka wakinunua vyeti hivyo kwa senti chache kwa kila dola. Wakati huohuo Massachusetts ilitoza kodi kali ili kulipa madeni yake ya vita, na wakulima walioshindwa kulipa wakapelekwa mahakamani na kunyang'anywa mashamba. Mwaka 1786 Daniel Shays, kapteni wa zamani wa vita vya uhuru, alikuwa miongoni mwa viongozi wa wakulima waliozifunga mahakama kwa nguvu. Uasi huo ulizimwa mapema 1787, na hofu uliyoiacha ilisaidia kuwapeleka wajumbe Philadelphia kuandika Katiba mpya.

Januari 1790, Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza, alipeleka Bungeni mpango wake: deni lote lilipwe kwa thamani iliyoandikwa, na alipwe yule anayekishika cheti leo. James Madison alisimama kupinga. Alitaka mnunuzi apate sehemu yake na askari wa mwanzo naye apate sehemu, kwa sababu ndiye aliyetoa damu. Februari hiyo hoja ya Madison ilianguka kwa kura 36 dhidi ya 13. Hamilton aliona kwamba karatasi ya serikali isipoheshimiwa mikononi mwa mnunuzi, hakuna atakayeikopesha serikali tena. Kwa upande wa soko alikuwa sahihi, na jina zuri ililolipata Marekani kwa wakopeshaji lilijengwa pale.

Lakini tazama bili ilikwenda kwa nani. Mwaka 1791 Bunge liliweka ushuru juu ya pombe kali ili kupata fedha za kulipia deni. Magharibi mwa Pennsylvania, ng'ambo ya milima, wakulima waliigeuza nafaka yao kuwa wiski kwa sababu magunia ya nafaka yalikuwa mazito mno kuvushwa hadi masoko ya mashariki. Kwao wiski ilikuwa kama fedha taslimu. Askari wa zamani wa huko aliyeuza cheti chake kwa senti chache sasa alitakiwa kulipa ushuru ili aliyekinunua apate dola nzima. Mwaka 1794 wakulima wakaasi, na Rais George Washington akakusanya wanamgambo wapatao 13,000 kwenda kuwanyamazisha. Uasi ulisambaratika kabla jeshi hilo halijapigana. Somo la uraia likawa limetolewa: una haki ya kuchagua watunga kodi, na wakishaitunga, utailipa.

Thomas Jefferson, akiwa bado Paris, alikuwa amemwandikia Madison Septemba 1789 kwamba dunia ni ya walio hai, na kizazi kimoja hakina haki ya kukifunga kingine kwa deni. Alipiga hesabu ya vifo vya watu na kusema deni lisizidi miaka 19. Madison alimjibu kwa adabu kwamba yako madeni yanayowafaa watoto kuliko wakopaji wenyewe, kama lile la kununua uhuru. Sijaona bado mtu aliyeuweka mjadala huu vizuri kuliko hao wawili. Kinachoamua haki ya deni si ukubwa wake peke yake. Ni kama atakayelilipa atakuta kitu kilichonunuliwa kwalo.

Mara moja tu Marekani ililipa deni lake lote, mwaka 1835 chini ya Rais Andrew Jackson. Miaka miwili baadaye uchumi uliporomoka na ukopaji ukaanza upya.

Kila mtu alipochanga

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vinavyoonyesha wajibu na deni vikienda pamoja. Mwaka 1939 Wamarekani waliolipa kodi ya mapato hawakufika milioni 5. Mwaka 1945 walizidi milioni 40. Kuanzia 1943 kodi ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, utaratibu ambao leo unaonekana wa kawaida lakini wakati huo ulikuwa jambo jipya kwa mfanyakazi wa kiwandani. Matajiri wa ngazi ya juu kabisa walitozwa hadi asilimia 94 kwenye sehemu ya mwisho ya kipato chao. Pamoja na kodi zilikuwepo hatifungani za vita: ulilipa dola 18.75 leo, ukapata dola 25 baada ya miaka 10. Watoto walinunua stempu za senti 10 shuleni na kuzibandika kwenye kijitabu mpaka zitoshe hatifungani moja. Zaidi ya Wamarekani milioni 80 walinunua.

Deni lililoshikwa na umma lilifika asilimia 106 ya pato la taifa mwaka 1946. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa chini ya robo ya pato hilo. Halikulipwa lote, uchumi ulikua kuliko deni, mfumuko wa bei ukalila thamani yake, na riba zilishikiliwa chini. Hata hivyo kodi nazo zilibaki juu, na wananchi walizivumilia kwa sababu waliona kila mmoja amechanga na kila mmoja amepata: askari aliyerudi alisomeshwa chuo na kusaidiwa mkopo wa nyumba. Sitaki kuipamba enzi hiyo. Askari Weusi walinyimwa sehemu kubwa ya faida hizo kwa ubaguzi wa mabenki na wa ofisi za majimbo, ingawa walilipa kodi ile ile na kupigana vita vile vile.

Uhusiano huo kati ya kuchanga na kupata ulilegea baada ya 1980. Ronald Reagan alipunguza kodi mwaka 1981 huku akipandisha matumizi ya jeshi, na deni likakua karibu mara tatu katika miaka yake minane, ingawa baadaye alikubali kupandisha baadhi ya kodi. George H. W. Bush aliahidi 1988 kwamba hataongeza kodi, akaongeza 1990 kwa ajili ya kupunguza nakisi, akashindwa uchaguzi 1992.

Agosti 1993 Bill Clinton alihitaji kura moja ya mwisho kupitisha sheria ya kupandisha kodi. Marjorie Margolies-Mezvinsky, mbunge mpya kutoka vitongoji vya Philadelphia, alikuwa amewaahidi wapiga kura wake kutoongeza kodi. Clinton alizungumza naye kwa simu, na dakika ya mwisho akapiga kura ya ndiyo. Sheria ikapita kwa 218 dhidi ya 216, na wapinzani wake wakamwimbia kwaheri mle ndani ya ukumbi. Novemba 1994 alipoteza kiti. Kuanzia 1998 hadi 2001, kwa msaada mkubwa wa uchumi uliokuwa ukichemka, serikali ilipata ziada badala ya nakisi. Namtaja mama huyu kwa heshima. Wanasiasa wa Marekani walijifunza kutoka kwake na kwa Bush kwamba anayewaambia raia walipe huondolewa, na tangu hapo wachache wamethubutu.

Ziada ilirudishwa kwa wananchi kama punguzo la kodi mwaka 2001. Kisha ikaja Septemba 11, vita vya Afghanistan, na Machi 2003 vita vya Iraq. Mei 2003, wakati askari wako jangwani, Bunge lilipunguza kodi tena. Hakuna stempu za senti 10, hakuna kuandikishwa jeshini kwa lazima, kwa kuwa utaratibu huo ulikuwa umekoma 1973. Vita vilipiganwa na wachache wa kujitolea na kulipiwa na watu ambao wengine hawajazaliwa. Huko ndiko kukopa harusi na kulipa matanga, na matanga yenyewe wameachiwa watoto. Baadaye mdororo wa 2008, punguzo la kodi la Desemba 2017, misaada ya korona ya 2020 na 2021, na sheria ya kodi ya Julai 4, 2025, kila kimoja kiliongeza tabaka lake. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba hiyo ya mwisho itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 ndani ya miaka 10. Vyama vyote viwili vina alama za vidole hapo. Tofauti iliyopo ni kwamba kukopa ili kumwokoa mtu asife njaa kwenye janga, na kukopa ili mwenye kipato kikubwa alipe kidogo zaidi, si mambo yanayolingana, hata kama hesabu yanaiingia kwa namna moja.

Haki mbili zenye uzito tofauti

Januari 31, 1940, Ida May Fuller wa Ludlow, Vermont, aliyekuwa karani wa ofisi ya mawakili, alipata hundi ya kwanza ya pensheni ya kila mwezi ya Hifadhi ya Jamii: dola 22.54. Katika miaka mitatu aliyochangia kabla ya kustaafu alikuwa amekatwa dola 24.75. Aliishi hadi 1975, akafariki akiwa na umri wa miaka 100, akiwa amepokea dola 22,888.92. Hakumwibia mtu, mfumo ulijengwa hivyo. Wanaofanya kazi leo wanawalipia waliostaafu leo, kwa imani kwamba wa kesho watafanya vivyo hivyo kwao.

Wamarekani wengi huamini kwamba makato yao yamewekwa mahali kwa majina yao, na kwamba pensheni ni mali yao. Mahakama ya Juu ilishasema sivyo. Ephram Nestor alihamia kutoka Bulgaria mwaka 1913, akafanya kazi na kukatwa michango ya Hifadhi ya Jamii tangu mfumo ulipoanza, na mwaka 1955 akaanza kupokea dola 55.60 kwa mwezi. Mwaka 1956 alifukuzwa nchini kwa sababu miaka ya 1930 alikuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, jambo ambalo alipokuwa mwanachama halikuwa kosa. Pensheni yake ikakatwa. Mwaka 1960 Mahakama iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba hakuna raia wala mkazi mwenye haki ya umiliki juu ya pensheni hiyo. Bunge lililoiweka linaweza kuibadilisha.

Sasa linganisha na kesi ya Perry ya Februari 1935. Mtu mmoja alikuwa na hatifungani ya dola 10,000 ya mwaka 1918 iliyoahidi kulipwa kwa dhahabu, na serikali ya Franklin Roosevelt ilikuwa imefuta ahadi za dhahabu ili kuuokoa uchumi. Mwenye hatifungani hakupata fedha alizodai, kwa kuwa hakuonyesha hasara aliyopata. Lakini Mahakama ilisema wazi, ikikitaja kile kifungu cha nne, kwamba Bunge halina mamlaka ya kuivunja ahadi ya serikali kwa walioikopesha.

Weka kesi hizo mbili pamoja. Mkopeshaji ana Katiba. Mstaafu ana kura yake tu, na huruma ya Bunge. Sisemi wenye hatifungani wadhulumiwe. Serikali isiyolipa wakopeshaji huishia kuwaumiza maskini kwanza. Nasema kwamba mtu akisikia wanasiasa wakiahidi kulinda haki za Wamarekani na kupunguza deni kwa pumzi moja, ajue ni haki ipi isiyoguswa na ipi inayoweza kukatwa kwa kura ya kawaida.

Kura ya tatu

Kila baada ya muda tunasikia Marekani iko karibu kushindwa kulipa madeni. Chanzo ni ukomo wa deni, uliotokana na sheria ya hatifungani za Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, na mwaka 1939 ukawa kikomo kimoja cha karibu deni lote. Bunge hupiga kura ya matumizi. Hupiga kura ya kodi. Kisha, fedha zikiwa zimeshaahidiwa, hutakiwa kupiga kura ya tatu kuruhusu serikali ikope kulipia kile ambacho Bunge lenyewe limeagiza. Kuikataa kura hiyo hakupunguzi hata dola moja ya matumizi. Kunazuia bili kulipwa.

Ndiyo sababu kura hiyo imekuwa silaha. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi lilimbana Barack Obama hadi saa za mwisho, na Agosti 5 kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani daraja la kukopesheka kwa mara ya kwanza. Fitch ikafuata Agosti 2023 baada ya mvutano mwingine, na Moody's Mei 2025. Katika mivutano ya 2011 na 2023 wanasheria walijadili kama Rais anaweza kuupuuza ukomo huo kwa kutumia kifungu cha nne. Obama hakufanya, Joe Biden hakufanya, na Mahakama haijawahi kulitolea uamuzi. Julai 2025 ukomo uliongezwa trilioni 5 kwa mkupuo, ukafika trilioni 41.1.

Wanaolipa bila kura

Mwaka 2012 mgombea urais Mitt Romney alirekodiwa akisema asilimia 47 ya Wamarekani hawalipi kodi ya mapato na hawatachukua dhamana ya maisha yao. Hesabu ya kodi ya mapato haikuwa mbali na ukweli, lakini iliacha mengi. Wengi wa watu hao hukatwa michango ya Hifadhi ya Jamii na bima ya wazee kwenye kila dola ya mshahara, asilimia 7.65 kwa jumla, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Makato ya Hifadhi ya Jamii yana kikomo: mwaka 2025 aliyepata zaidi ya dola 176,100 hakukatwa chochote juu ya hapo. Mfagiaji anakatwa mwaka mzima. Mkurugenzi wa benki anamaliza kabla ya Pasaka.

Na wapo wanaolipa bila sauti kabisa. Wakazi wa Washington wanalipa kodi zote za serikali kuu, lakini hawana seneta hata mmoja wala mbunge mwenye kura kamili. Namba za magari yao zimeandikwa malalamiko hayo tangu mwaka 2000. Mkongomani anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama jimboni Iowa, au Mkenya muuguzi wa Dallas mwenye green card, hukatwa kama raia na hawezi kupiga kura ya taifa. Ili apate pensheni lazima achangie kwa takriban miaka 10. Asiye na karatasi anayekatwa kwa namba isiyo yake anachangia mfuko ambao hatawahi kuugusa. Na sheria ya 2025 iliweka ushuru wa asilimia 1, kuanzia Januari 1, 2026, kwa anayetuma fedha nje akilipa kwa taslimu au hawala ya karatasi. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi ya huko hatozwi. Anayepeleka noti dukani ili mama yake Kisumu au Goma apate ada ya mtoto ndiye atakayeulipa.

Marekani ilishawahi kukataa waziwazi kufunga haki na malipo pamoja. Kwa miongo mingi majimbo ya Kusini yaliwadai raia kodi ya kichwa kabla ya kuwaruhusu kupiga kura, na lengo lilikuwa kuwaweka Weusi nje. Marekebisho ya 24 yaliifuta kwenye chaguzi za taifa mwaka 1964, na mwaka 1966 Mahakama ikaifuta kwenye chaguzi za majimbo. Kwa hiyo hakuna Mmarekani anayenunua uraia wake kwa kodi. Anao kwanza, na wajibu unafuata.

Kwetu deni hili linafika kupitia bei ya fedha. Hatifungani ya Marekani ndiyo kipimo cha dunia. Ikilipa asilimia 4 au 5 bila hofu, mkopeshaji ataitaka Kenya au Tanzania impe zaidi sana. Kenya ilikopa Eurobond ya miaka 10 mwaka 2014 kwa asilimia 6.875. Februari 2024, ilipotafuta fedha za kulipia sehemu ya deni hilo, riba za Marekani zikiwa juu, wawekezaji walidai zaidi ya asilimia 10.

Saa inayokuja

Tiba zenyewe si siri. Mwaka 1983 vyama viwili vilikubaliana kupandisha umri wa kupata pensheni kamili taratibu kutoka 65 hadi 67, kuharakisha ongezeko la michango na kutoza kodi sehemu ya pensheni, na mfuko ukaokoka. Mwaka 2010 tume ya kupunguza nakisi iliyoongozwa na Alan Simpson na Erskine Bowles ilichanganya kodi na makato ya matumizi. Wajumbe 11 kati ya 18 waliunga mkono, ilhali walihitajika 14, na ripoti ikawekwa kabatini. Binafsi ningeanza na kile kikomo cha makato ya Hifadhi ya Jamii, maana sioni haki ya kumwambia mzee avumilie kabla mwenye mshahara mnono hajakatwa kama mwenzake. Wengine wataanza na umri wa kustaafu. Yote mawili ni misimamo halali. Kusema kwamba hakuna atakayelipa zaidi wala kupata pungufu si msimamo.

Makadirio ya wasimamizi wa mfuko wa pensheni za wazee, waliyoyatoa mwaka 2025, yanaonyesha akiba itaisha mwaka 2033. Siku hiyo sheria haitaruhusu mfuko ulipe zaidi ya unachokusanya, kama asilimia 77 ya pensheni zilizoahidiwa. Wenye hatifungani watalipwa kikamilifu asubuhi hiyo hiyo. Maseneta wanaochaguliwa Novemba 2026 wana muhula wa miaka sita unaoishia Januari 2033, kwa hiyo uamuzi huu uko ndani ya kipindi chao, na kila mmoja wao anaweza kuulizwa wakati wa kampeni, kwa jina na mbele ya watu, atapandisha mchango wa nani au atakata pensheni ya nani.